Kona ya Msuku

Ninyi mnaoingia katika kazi ya kupanga miji mmepata simu inayojua mlipo kabla hamjajiuliza. Siwaonei wivu, wala siibezi simu hiyo. Mwishoni mwa utumishi wangu niliitumia hata mimi, na mara kadhaa iliniokoa na matope. Lakini kuna jambo ambalo haiwezi kuwafanyia, nalo ndilo nililolifanya kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu: kukiona kitu ambacho bado hakijakuwepo, na kuendelea kukiona kitu ambacho hakipo tena.

Mpangaji anaishi katikati ya mambo hayo mawili. Anasimama kwenye mabua ya mahindi pembezoni mwa Songea, na mbele yake anaona ngazi, madirisha, na shuka za mtu asiyemjua zikipunga upepo ghorofani. Miaka inapita, ngazi zinajengwa, naye anasimama chini yake akiyaona mabua. Nyumbani kwangu walikwisha kunizoea. Nikinyamaza mezani kijiko kikiwa hewani, mume wangu huwaambia watoto, "Mwacheni mama yenu, amekwenda kujenga."

Nimestaafu kwa hiari, kabla mgongo haujanistaafisha kwa nguvu. Asubuhi sasa natembea bila kipimio na bila viatu vya mpira. Nikitoka Majengo kuelekea Mjimwema nayapita maghorofa yenye fremu za maduka chini na familia juu: duka la dawa, wakala wa pesa za simu, saluni, muuza simiti, na juu yao mtoto anayetazama nje akiwa ameegemeza kidevu kwenye nondo za dirisha. Baadhi ya majengo hayo yaliwahi kuwa penseli mkononi mwangu. Asubuhi za Juni, ukungu wa Matogoro unapoteremka na kuyafunika mpaka kiunoni, huwa sina hakika kama yamekwisha kujengwa au bado nayawaza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Ndunguru, mwenye ofisi yetu ndogo ya upangaji na upimaji. Nilifika kwake na cheti cha chuo, rula mpya na majibu mengi. Akanipa chupa ya chai na kigoda, akanionyesha shamba moja nje ya mji na kuniambia, "Kakae pale mpaka pakuzoee. Jioni uje unieleze."

Ilikuwa Juni. Nilikaa ndani ya ukungu mzito kama tui la kwanza. Sikuuona mpaka wa shamba wala vidole vya miguu yangu. Niliporudi nikiwa nimeshikwa na mafua, akaniuliza, "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, bosi. Ukungu."

"Umesikia nini?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimesikia mengi. Nilisikia kengele za baiskeli zikipita upande wa kulia. Nilisikia wanawake wakisalimiana kwa Kingoni mahali pamoja, kila mara palepale, maana yake ndipo njia mbili zilipokutana. Nilisikia ndoo ikitua. Bwana Ndunguru akachukua karatasi, na niliyoyasikia akayageuza kuwa mistari. "Kwetu Umatengoni," alisema, "mtu halimi mlima kabla hajajua maji yanataka kupita wapi. Ndiyo maana tunachimba ngolo, yale mashimo yanayoyapokea maji taratibu. Binadamu naye ni maji, Skola. Ukimzibia, ama atabomoa, ama atahama akuachie jengo lako likauke."

Nawasihi mlichukue hilo, hata kama mengine yote ya barua hii mtayaacha. Kabla ya kufungua kompyuta, kakaeni kiwanjani. Nendeni wakati wa baridi, mwone jua la asubuhi linapiga upande gani, kwa sababu Juni mteja wa Songea husimama palipo na jua kwanza, na akishasimama hununua. Nendeni wakati wa mvua, mwone watu wanakimbilia wapi. Duka lisilo na baraza halina rafiki. Barazani ndipo fundi cherehani huweka mashine yake, ndipo anayesubiri mvua ipungue hukumbuka kwamba sabuni imekwisha nyumbani. Nimewaona wachoraji wakifuta baraza ili wapate upana wa duka, na nimeyaona maduka hayo mapana yakiwa na mwenye duka peke yake ndani, amejipangusia kaunta mpaka imeng'aa.

Makosa yetu mengine yalichekesha. Pale Majengo tuliwahi kusimamia jengo la kwanza la ghorofa alilojenga tajiri mmoja, akaamua kwamba fremu ya pembeni iwe na mashine ya kusaga nafaka. Kwenye karatasi ilipendeza: watu wanaishi juu, chakula kinasagwa chini. Mpangaji wa kwanza kuhamia juu ya mashine ile alikuwa mwalimu wa sekondari, mama mpole sana. Alitujia ofisini akiwa amefunga kilemba cheusi kilichokuwa kimegeuka cheupe kwa unga.

"Sina malalamiko," alianza. "Nataka kuuliza tu. Vikombe vyangu vinatembea. Naviacha kabatini, nikirudi navikuta mlangoni. Ni kawaida kwa ghorofa?"

Bwana Ndunguru alitoka nje kwa haraka, na tulimsikia akicheka nyuma ya ofisi mpaka akakohoa. Mashine ilihamishwa. Lakini mpaka leo, mtu akiniletea mchoro wa maduka chini na makazi juu, swali langu la kwanza ni vikombe vitakaa wapi.

Haya yote nimeyaandika ili kufika kwenye jengo la Mzee Ngonyani, ambalo ndilo hunijia usingizini kuliko mengine.

Mzee Ngonyani alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi Majengo. Alianza kwa kuuza misumari kwenye sinia, na hakuwa mtu wa kusahau sinia lile. Mji ulipoanza kutambaa kuelekea Mjimwema, alinunua shamba kando ya barabara kuu, akaja kwetu na ndoto yake: majengo mawili marefu yanayotazamana, fremu chini, nyumba za kupangisha juu, maegesho mbele. Wakati huo Bwana Ndunguru alikuwa amekwisha kufariki na kigoda chake kilikuwa changu. Nikakichukua, nikaenda kukaa shambani.

Shamba lilikatwa na njia ya miguu. Ilitoka kwenye nyumba za bondeni, ikapanda katikati ya mahindi mpaka barabarani, na mahali pamoja ilipinda, ikauzunguka msuku mmoja mkubwa, kisha ikaendelea. Mnaijua miti hiyo. Matunda yake, masuku, yakiiva, watoto hawahitaji kuambiwa. Mti ule ulikuwa umeachwa na kila aliyelima pale, na kila aliyepita alikuwa ameinama kidogo chini ya matawi yake.

Asubuhi ile ya kwanza alipita mwanamume mrefu mwenye fimbo, begani amebeba pampu ya baiskeli na sanduku dogo la mbao. Alikuwa akiimba sauti ya nne ya wimbo wa kwaya, ile ya chini, bila nyingine tatu. Alipokaribia msuku hakupunguza mwendo. Alipinda, akainamisha kichwa palepale palipo na tawi, akainuka, akaendelea. Nikamsalimia. Akasimama, akanigeuzia sikio lake, na hapo ndipo nilipojua kwamba haoni.

Aliitwa Baba Tumaini. Macho yalikuwa yamemwisha taratibu akiwa mtu mzima, na katika kupotea kwa mambo yote, njia ile ilikuwa imekwisha kuingia miguuni. Kila asubuhi aliipanda peke yake mpaka barabarani, ambako aliziba pancha za baiskeli na bodaboda. Alizamisha mpira katika karai la maji, akasikiliza mapovu, akaweka kidole penye tundu. "Mke wangu ananiosha, ananipikia, ananisomea," aliniambia siku moja. "Njia hii ndiyo mahali pekee ninapokwenda bila kushikwa mkono."

Kwa hiyo nilipochora, niliacha ujia katikati ya majengo mawili. Mzee Ngonyani aliutazama mchoro kwa muda mrefu, kidole chake kikapanda na kushuka kwenye ule ujia.

"Dada Skola, hapa pana fremu mbili zimepotea."

"Kwani hapana watu wanaopita, mzee?"

"Wanapita kwenye shamba. Shamba likiisha, watapita barabarani kama watu wengine."

Nikamweleza kuhusu bonde. Nikamweleza kwamba barabarani wanapita malori ya makaa ya mawe, yanayotikisa ardhi na yasiyo na subira na mtu mwenye fimbo. Alinisikiliza kwa adabu, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Kisha akasema kwamba alikuwa amenunua shamba zima, si shamba lenye mstari katikati, na kwamba hakuna sheria iliyomwambia vinginevyo. Hapo alikuwa na haki. Njia ile haikuwa imewahi kuandikwa popote ila ardhini. Nilikataa kuchora upya. Hakugombana nami. Alimwagiza fundi mkuu, Athumani, aendeleze mtaro wa msingi moja kwa moja kukatisha njia. Wiki hiyohiyo msuku ulikatwa.

Nilikwenda bondeni kumweleza Mama Tumaini ukweli, kwamba nimebishana na nimeshindwa. Alikuwa akipepeta ulezi uani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya haraka na uso usiopenda kuhurumiwa. Ungo haukusimama hata mara moja nilipokuwa nikisema.

"Akizuiwa njia ile," alisema nilipomaliza, "atakaa hapa mlangoni. Siku ya kwanza atasema kesho. Ninamjua. Hatasema neno, atakaa tu, na sauti itakwisha." Akapepeta. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, "Huyu Ngonyani ni Mngoni kabisa? Baba na mama?"

"Kabisa."

"Na mimi ni Mhehe wa Iringa, baba na mama." Kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Basi nenda kapumzike, dada."

Vijana, najua utani wa makabila mnaujua kwa vichekesho vya simuni tu. Zamani ulikuwa na kazi. Wangoni na Wahehe walipigana, na baada ya kuchoka kupigana wakawa watani: Mhehe anaweza kumtukana Mngoni hadharani, na Mngoni akikasirika, aibu ni yake. Kwenye msiba ndiyo zaidi. Watani wanaweza kuingia kaburini kabla ya jeneza, wakalala humo, wakakataa kutoka mpaka wafiwa watoe kitu. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka, na mzigo unapungua uzito. Nilikuwa nimeyaona hayo tangu utotoni, na bado sikuelewa mama yule alikuwa amekusudia nini.

Kipande cha mtaro kilichokatisha njia kilichimbwa mwisho kabisa, usiku wa kuamkia siku ya kumwaga zege la msingi. Asubuhi Mzee Ngonyani alikuja na ndugu zake, wamevaa kama wanaokwenda harusini. Mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa inazunguka. Athumani, ambaye hakuanza jambo lolote bila kumtaja Mungu, alikuwa amekwisha kusema bismillahi na vibarua wameshika matoroli. Ndipo tukasikia kilio kikipanda kutoka bondeni.

Walikuja wanawake, kanga zimefungwa kiunoni, mikono kichwani, Mama Tumaini mbele yao. "Yoo, jamani! Amekufa! Amekufa mchana kweupe!"

Mzee Ngonyani alivua kofia yake mara moja. "Poleni sana, mama. Ni nani aliyefariki?"

"Njia!"

Akateremka mtaroni, pale hasa mtaro ulipokatisha njia, akatandika kanga, akalala chali, akakunja mikono kifuani na kufumba macho.

"Mama," Mzee Ngonyani alisema, "toka humo. Zege linaganda."

"Na mimi nimeganda. Usimsemeshe maiti."

"Athumani, mtoe."

Athumani aliweka mwiko wake chini kwa uangalifu. "Astaghfirullah, mzee. Mimi Myao. Ugomvi wa Wahehe na Wangoni ulianza kabla babu yangu hajashika mwiko. Humo siingii."

Vibarua wakaanza kucheka. Mzee Ngonyani akasogea ukingoni. "Kumbe wewe ni Mhehe?"

"Hukujua?" Alifungua jicho moja. "Babu zako walikuja kwetu na ngao, wakarudi wanakimbia. Leo mjukuu wao anauza misumari na kujenga ukuta amzuie kipofu. Hiyo ni vita gani, mtani?"

"Walirudi kwa sababu kwenu walikuta hakuna mboga ila mbwa!"

"Afadhali mbwa, atabweka. Wewe panya wako unammeza na mkia, ili asikushitaki!"

Ndugu zake mwenyewe walicheka. Nilimwona akijaribu kukaza uso, na nikaona amechelewa. Alipomjibu tu, alikuwa ameukubali utani, na aliyeukubali hawezi tena kuita polisi wala mwanasheria. Akatoa noti mfukoni, akamrushia, kama inavyofanywa misibani.

"Iweke," alisema Mama Tumaini, "ukanunulie limau la kuteremshia panya."

"Nitakupa kuku."

"Kuku nitamla jioni. Kesho asubuhi je?"

"Sasa wataka nini?"

"Mfiwa ndiye anayejua amepoteza nini. Wewe umepoteza nini, mtani?"

"Mimi? Sijapoteza kitu."

"Ndiyo maana msiba huu hauishi." Akafumba macho tena.

Mashine ilizidi kuzunguka. Niwaambie jambo la kazi hapa: zege lililoanza kukaza msiliongezee maji. Litalainika kwa macho, na ukuta utawadai baadaye. Athumani alilijua hilo, na alikuwa akiitazama mashine kama mtu anayetazama maziwa yanayotaka kufurika. Ndipo mmoja wa vibarua akasema kwa sauti ya chini, "Anakuja."

Baba Tumaini alikuwa anapanda njia yake. Mkewe hakuwa amemwambia kitu. Pampu begani, sanduku kwapani, sauti ya nne ya wimbo bila nyingine tatu. Mahali ulipokuwa msuku palikuwa na kisiki na jua. Hata hivyo alipinda, akainamisha kichwa chini ya tawi ambalo halikuwepo, akainuka, akaja. Hakuna aliyecheka.

Alisikia pumzi zetu. "Walio wakubwa shikamooni, walio wadogo marahaba," alisema kwa uchangamfu. "Leo mko wengi."

Fimbo yake ikafika ukingoni mwa mtaro, ikaning'inia hewani. Akaisogeza kushoto, hewa. Akaisogeza kulia, hewa. Alirudisha mguu mmoja nyuma, akaukanyaga udongo aliotoka, kana kwamba anauuliza. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo bado naiona ninapofumba macho. Haikuwa hasira. Alikuwa ameanza kujitilia shaka mwenyewe.

"Jamani," aliuliza, "nimepotea?"

Mama Tumaini alikuwa amekaa kitako mtaroni, kanga mdomoni. Hilo hakuwa amelipanga.

Mzee Ngonyani aliwatazama ndugu zake, kisha akaitazama fimbo ile iliyokuwa ikitafuta kitu hewani. "Hujapotea, kaka," alisema. Akachukua mwenyewe ubao wa jukwaa la mafundi, akaulaza juu ya mtaro, akaujaribu kwa mguu wake. Kisha akaenda upande wa pili. Hakumshika mkono. Aligonga ubao kwa kiatu chake, mara kwa mara, mpaka fimbo ikausikia. Baba Tumaini akavuka.

Mzee Ngonyani aliporudi mtaroni, koti lake la harusini lilikuwa na vumbi la simiti. "Mfiwa ni mimi," alisema. "Toka, mtani. Zege linaganda."

"Sema mbele ya wazikaji."

"Njia ibaki. Apite mumeo, wapite watoto wenu, na hao watakaokaa ghorofani."

"Na kuku?"

"Na kuku!"

Mama Tumaini akanyoosha mkono avutwe. Athumani alikuwa amekwisha kuamuru zege limwagwe kwenye mtaro wa mbele, kwa sauti ambayo sijapata kumsikia nayo tena.

Msidhani mambo yalimalizika hapo. Kwenye ujenzi hayamaliziki hivyo. Mzee Ngonyani alikuja ofisini siku chache baadaye. "Njia nimekubali," alisema. "Lakini kwa nini ipinde? Mti umekwisha kukatwa. Inyooshe, dada, nipate walau stoo."

"Miguu yake haijui kwamba mti umekatwa, mzee."

Aligeuza kofia mkononi. "Wewe na yule Mhehe," alisema hatimaye, "mmeniweza." Ukabaki ujia wenye tumbo katikati, mahali palipo wazi kwa juu, anga linaonekana.

Kisha tukakosea. Kabla wapangaji hawajahamia, tuliweka vigae vizuri, vya kung'aa, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Tukamwita Baba Tumaini awe wa kwanza kupita. Aliingia, akaenda kidogo, akasimama. Sauti ya fimbo yake ilikuwa inagonga kuta zote mbili na kumrudia kutoka kila upande.

"Sakafu nzuri," alisema kwa adabu. "Ila haisemi."

Athumani aling'oa vigae vya upande mmoja, akapanga kokoto za mtoni ndani ya saruji, ukanda mwembamba unaofuata mstari wa njia ya zamani, na penye msuku ukapinda. Kwenye mzunguko ule alifanya kazi akiwa amepiga magoti. Alinitaka nimwonyeshe shina lilikuwa na upana gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Aliposhindwa kuamini, tulimwita Baba Tumaini, naye akatuonyesha kwa kutembea.

Jengo lina watu sasa. Mwenye saluni analalamika kwamba Julai ujia ule unavuta upepo kama bomba, na ni kweli. Mzee Ngonyani bado huniambia kwa uchungu idadi ya fremu alizonazo na alizopaswa kuwa nazo. Kila mwaka anatishia kuweka vibanda pale penye uwazi, na kila mwaka Mama Tumaini humuuliza barazani, mbele ya wateja, kama amekwisha kununua kanga ya kulalia.

Juzi nilikwenda huko jioni, wakati shule zimefungwa. Nilikaa kwenye kizingiti cha duka la dawa, karibu na uwazi ule. Baba Tumaini alikuwa anarudi kutoka barabarani, nywele zimekuwa nyeupe, akaisikia sauti yangu, akaja kuketi kando yangu. Juu yetu mtu alikuwa anakaanga vitunguu, na redio ilikuwa ikitangaza mechi.

Mlango wa ngazi ukafunguka kwa kishindo, wakateremka watoto wa ghorofani, kundi zima, wanafukuzana. Wote wamezaliwa juu ya maduka yale. Hakuna hata mmoja aliyewahi kula suku pale.

"Fumba macho," Baba Tumaini aliniambia.

Nikafumba. Miguu ilikuja mbio, pa-pa-pa, juu ya vigae, moja kwa moja kuelekea kwetu. Uwazi ule ni mpana na hauna kitu. Wangeweza kuukata katikati. Kisha sauti ikabadilika, ikawa sauti ya kokoto, ikasogea pembeni, ikazunguka, mmoja baada ya mwingine mpaka wa mwisho, na ikarudi kwenye vigae upande wa pili.

"Unawasikia?" alisema. "Wanauzunguka."

Nilifumbua macho. Hapakuwa na kitu pale ila mwanga.